Mbio moja iliyozidi: namna ya kuongeza umbali bila kuumia

Anayejiandaa kwa nusu marathoni huambiwa na karibu kila mtu asiongeze umbali kwa zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Ushauri huo umezoeleka, lakini ulipopimwa haukusimama vizuri. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walitoa matokeo ya wakimbiaji wapya 532 waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja liliandaliwa taratibu kwa wiki 13 kwa kufuata kanuni hiyo ya asilimia 10, jingine kwa wiki 8 kwa mpango wa kawaida. Katika kila kundi aliumia takriban mtu mmoja kati ya watano. Upole wa wiki kwa wiki haukumkinga mtu.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha kazi iliyolitazama swali hilo kwa namna nyingine. Waliwafuatilia wakimbiaji 5,205 wa nchi 87 kwa miezi 18 kupitia saa za mkononi, na asilimia 35 kati yao waliumia. Walipolinganisha jumla ya wiki hii na ya wiki iliyopita, hawakuona kwamba ongezeko linaambatana na majeraha zaidi. Walipochukua kila mbio na kuilinganisha na mbio ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia, tofauti ilionekana. Aliyezidisha kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 30 alikuwa na hatari ya kuumia iliyo juu kwa asilimia 64 kuliko asiyevuka asilimia 10. Aliyezidisha kwa asilimia 30 hadi 100, asilimia 52. Aliyekimbia zaidi ya mara mbili ya mbio yake ndefu, asilimia 128. Utafiti wa kufuatilia watu namna hii huonyesha vitu vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi moja kwa moja kwamba hiki ndicho kilicholeta kile. Hata hivyo kanuni inayotoka humo, kwamba mbio moja isiipite ile ndefu ya siku 30 kwa zaidi ya asilimia 10, ni rahisi kuifuata na gharama yake ni subira tu. Mwongozo huu umejengwa juu yake.

Hatua ya 1: Tafuta kikomo chako cha leo

Fungua kumbukumbu za saa au simu yako, rudi nyuma siku 30, tafuta mbio moja iliyo ndefu kuliko zote. Usijumlishe kitu. Zidisha umbali huo kwa 1.1. Kama ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 10, kikomo cha mbio yako ijayo ni kilomita 11. Kama ilikuwa 7, kikomo ni 7.7.

Asiye na saa atumie dakika za mwendo wa kawaida, ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Dakika 50 zinakupa 55. Ukianza na dakika, baki na dakika mpaka mwisho, kwa sababu ukichanganya na kilomita hesabu inapotea siku utakayokimbia kwa kasi. Matembezi usiyahesabu. Mbio mbili za siku moja zilizopishana kwa saa chache tu, zichukue kama mbio moja; miguu haikupata muda wa kupumzika katikati.

Hapa ndipo vikundi vya jogging vinapowaumiza watu bila kukusudia. Jumamosi alfajiri mmoja anasema leo tunapiga 18, wote wanaitikia, na aliyewahi kwenda 12 hataki kubaki nyuma. Kutoka 12 hadi 18 ni ongezeko la asilimia 50 kwa asubuhi moja. Kokotoa kikomo chako Ijumaa jioni, mwambie mwenzako mmoja, na panga kabisa ni wapi utageuza. Ukisubiri kuamua ukiwa kilomita ya 13 na mwili umeshapata moto, utaendelea.

Hatua ya 2: Panga kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mashindano

Nusu marathoni ni kilomita 21.1, na siku ya mashindano nayo ni mbio inayohesabiwa. Gawanya 21.1 kwa 1.1, utapata 19.2. Maana yake, ili siku hiyo isiwe ruko kubwa, ndani ya siku 30 kabla yake uwe umeshakimbia angalau kilomita 19.2 kwa mkupuo mmoja. Anayefika mstarini na ndefu ya 16 anaongeza asilimia 32 siku ileile anayokimbia kwa nguvu zake zote.

Ukianzia kilomita 10, ngazi zinakwenda hivi: 11, 12.1, 13.3, 14.6, 16, 17.6, 19.3, na ya nane ni mashindano yenyewe. Panda ngazi moja kwa wiki, si zaidi, na baada ya kila ngazi tatu weka wiki moja ambayo mbio ndefu inashuka hadi kama asilimia 65 ya ile ya mwisho. Wiki hiyo haikurudishi nyuma, kwa kuwa mbio ndefu ya wiki zilizopita bado imo ndani ya siku 30. Weka ile ya 19.3 wiki mbili kabla ya mashindano, kisha punguza. Jumla inakuwa kama wiki 11.

Aliye kwenye kilomita 5 anahitaji ngazi nane nyingine kabla ya kufika 10, yaani karibu miezi mitano kwa safari nzima. Kama umeshalipia nusu marathoni na zimebaki wiki nane, omba kuhamishiwa mbio za kilomita 10. Huo ndio ushauri sahihi hata kama fulana umeshapewa.

Marathoni kamili haiingii kwenye hesabu hii. Ili kilomita 42.2 ziwe ndani ya asilimia 10 ungehitaji kukimbia zaidi ya kilomita 38 mazoezini, na karibu hakuna kocha anayempa mkimbiaji wa kawaida umbali huo, kwa sababu uchovu wake hula mazoezi ya wiki zinazofuata. Ukienda na ndefu ya 32, kubali kwamba siku yenyewe ni ruko la asilimia 32 na uwape miguu muda mrefu baadaye.

Hatua ya 3: Ukikatika, anza pale dirisha linapoonyesha

Zile siku 30 za kuangalia nyuma ndizo dirisha lako, nalo linasogea kila kukicha. Ukisimama siku 10 kwa mafua, mbio yako ndefu huenda bado imo ndani, ingawa ni busara kuanza na nusu yake. Ukisimama mwezi, dirisha ni tupu, na ile 15 uliyokimbia kabla haikupi ruhusa ya leo. Pumzi hurudi mapema na ndiyo inayodanganya. Mifupa na kano hurudi taratibu, na mwenye mapafu mazuri anaweza kuivunja miguu yake kabla hajachoka.

Ramadhani ni mfano unaolingana na dirisha hili karibu siku kwa siku. Anayeacha kabisa mwezi mzima anaingia Shawwal bila kumbukumbu yoyote, na wengi hurudi na umbali wa Shaaban wiki ya kwanza baada ya Idi. Unaweza kuliweka dirisha wazi kwa mbio fupi mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 40, ama nusu saa ya mwisho kabla ya kufuturu, ama baada ya tarawehe ukiwa umeshakunywa maji ya kutosha. Mbio ndefu ya mwezi huo ikiwa kilomita 6, baada ya Idi anza na 6.6, usianze na 12.

Baada ya malaria au homa nyingine kali, maliza dozi, subiri homa iishe kabisa na hamu ya chakula irudi. Kisha pita ngazi hizi, kila moja mara mbili, na siku ya mapumziko katikati:

Tembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu.
Kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 10.
Kimbia 2, tembea 1, mara 10.
Kimbia 4, tembea 1, mara 6.
Kimbia dakika 30 mfululizo.

Kutoka hapo rudi kwenye hesabu ya 1.1.

Hatua ya 4: Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja

Hesabu ya kilomita haioni kasi, vilima, ardhi wala viatu, na mguu unaviona vyote. Kilomita 8 zenye vipande vya kasi hukamua kigimbi na kano ya kisigino kuliko kilomita 11 za mwendo wa pole. Mteremko mrefu hulazimisha misuli ya mbele ya paja kufunga breki huku ikirefushwa, na ndiyo maana watu hushuka ngazi kwa tabu siku mbili baadaye. Anayefanya mazoezi Dar es Salaam kwenye tambarare na kwenda Kilimanjaro Marathon, Moshi, lazima awe amepata vilima katika mazoezi, kupanda na kushuka. Wiki unayoongeza vilima, acha umbali ulipo. Wiki unayohama kutoka barabara ya murram kwenda lami, acha kasi ilipo.

Viatu navyo ni badiliko. Watafiti wa Luxembourg waliwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, wakaona waliokuwa wakipokezana jozi zaidi ya moja walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 39 kuliko waliotumia jozi moja. Jozi mbili tofauti hugawa mzigo sehemu tofauti za mguu, na hilo ndilo elezo lililo karibu zaidi. Zinaweza kuwa za mitumba, lakini zikague. Weka kiatu mezani kwa usawa uangalie kwa nyuma: kikiinama upande, mtu wa kwanza alikwisha kukiumba kwa mguu wake. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama kuni au ina mikunjo isiyofutika, sponji imekufa hata kama juu kunang'aa. Vuta ukingo wa soli uone kama gundi imekauka. Kiatu kipya kitumie kwanza kwenye mbio fupi mbili au tatu, kisiende moja kwa moja kwenye mbio ndefu ya Jumamosi.

Kunyoosha misuli kwa kusimama tuli kabla ya kukimbia hakukukingi. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya askari wapya 1,538 wa Australia: walionyoosha kabla ya mazoezi na wasionyoosha waliumia karibu sawa. Kama unapenda, nyoosha baada ya mbio. Kabla yake, dakika kumi za kutembea na kukimbia polepole sana zinatosha.

Hatua ya 5: Kama ni goti, hesabu hatua zako

Maumivu ya mbele ya goti, kuzunguka pia ya goti, ni miongoni mwa malalamiko makubwa ya wakimbiaji, na mara nyingi hupungua kwa kufupisha hatua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 tu, kwa kasi ileile, hupunguza mzigo unaobebwa na goti. Kwa asilimia 10 nyonga nayo hupata nafuu. Hatua fupi hufanya mguu utue karibu zaidi na chini ya mwili badala ya mbele yake.

Kimbia mwendo wako wa kawaida, hesabu mguu wa kulia unavyogusa chini kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 40, una hatua 160 kwa dakika. Asilimia 5 zaidi ni 168. Weka programu ya mdundo kwenye simu kwa 168, fuata mdundo dakika moja, uache dakika moja, kwa dakika 20. Ongeza muda huo kidogo kidogo kwa wiki nne hadi sita. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuongeza kasi badala ya hatua, kwa hiyo tazama saa uhakikishe dakika zako kwa kilomita hazijabadilika. La pili ni kuanza kutua kwa vidole bila kujua. Hapo mzigo unahama kutoka goti kwenda kigimbi na kano ya kisigino, na umebadilisha jeraha kwa jeraha.

Ile namba 180 inayotajwa kila mahali ilitokana na kocha Jack Daniels kuwahesabia hatua wanariadha wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Hao walikuwa bingwa kwa bingwa wakikimbia kwa kasi ya mashindano. Usijilazimishe kuifikia ukiwa unakwenda dakika 7 kwa kilomita.

Hatua ya 6: Soma maumivu kabla hayajakusoma

Hapa pasomwe kwa utulivu, kwa sababu kosa la hapa ndilo linalochukua miezi.

Maumivu ya kano na ya mfupa hayafuati sheria moja. Kwa kano ya kisigino, kazi za Karin Silbernagel na wenzake huko Sweden zilionyesha kwamba mtu anaweza kuendelea na mazoezi akiwa na maumivu, kwa masharti. Yapime kutoka 0 hadi 10. Yasizidi 5 wakati wa mbio wala baada yake, na kufikia asubuhi inayofuata yawe yamerudi palepale yalipokuwa. Ugumu wa kisigino asubuhi ukiongezeka siku hadi siku, punguza, hata kama wakati wa kukimbia unajisikia vizuri. Kano iliyopata moto hukaa kimya, na asubuhi ndipo inaposema.

Tiba ya kano hiyo ni kuipa kazi, si kuilaza. Njia ya Håkan Alfredson wa Sweden, iliyochapishwa mwaka 1998, bado inafanya kazi: simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, panda kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, shuka taratibu hadi kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka, seti 3 likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Inapokuwa rahisi, vaa begi mgongoni na uweke vitabu. Ikiwa maumivu yako pale kano inapoingia kwenye mfupa wa kisigino, fanya sakafuni na usishushe kisigino chini ya usawa, kwa sababu kushuka sana huibana kano dhidi ya mfupa.

Kwa mfupa, kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri. Kwenye muundi, pita kidole gumba taratibu kando ya ukingo wa ndani wa mfupa. Maumivu yaliyotandaa kwa sentimita 5 au zaidi kwa kawaida ni mwasho wa sehemu ambako misuli hushikana na mfupa. Yanataka upunguze na ujenge upya. Maumivu yaliyokusanyika mahali padogo pa kufunikwa na ncha ya kidole, yanayozidi kadiri unavyoendelea kukimbia, yanayouma ukiruka kwa mguu mmoja au yanayokuamsha usiku, yachukulie kuwa ni ufa wa mfupa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Acha kukimbia siku hiyohiyo. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi usirudi barabarani kwa furaha; kipimo cha MRI ndicho kinachoona mapema. Pasipo na MRI, pumzisha mfupa kana kwamba ufa upo na urudie eksirei baada ya wiki tatu.

Sehemu tatu hazisubiri hata siku mbili: mbele kabisa ya muundi katikati, juu ya wayo karibu na kifundo, na kinena. Maumivu ya kinena yanayozidi ukisimama kwa mguu huo yanaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, na ukiendelea unaweza kukatika. Usitembee kwenda hospitali. Panda gari.

Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni ili umalize mbio. Zinaficha ishara pekee uliyonayo, na kwenye joto na upungufu wa maji zinaziumiza figo.

Hatua ya 7: Nguvu, pamoja na mtu wa kukusahihisha

Katika utafiti mmoja kabla ya New York City Marathon, zaidi ya wakimbiaji 700 wa mara ya kwanza waligawanywa. Nusu walipewa mazoezi mafupi ya nguvu wajifanyie nyumbani. Majeraha hayakupungua. Huko São Paulo, Brazili, wakimbiaji 118 walifuatiliwa mwaka mmoja, na waliofundishwa kuimarisha misuli midogo ya wayo, wiki nane za mwanzo wakisimamiwa, waliumia kidogo sana: wasiofanya walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 2.42 zaidi. Inaelekea usimamizi una uzito wake. Mtaalamu wa fiziotherapia akikuona mara mbili tatu za mwanzo, umepata sehemu kubwa ya faida.

Zoezi la wayo ni hili: kaa, wayo wote chini, vuta kitako cha kidole gumba kuelekea kisigino ili uvungu upande, bila kukunja vidole. Shikilia sekunde 5, mara 10. Vidole vikikunjwa kama vinashika kamba, misuli mirefu ya mguu ndiyo inayofanya kazi na ya wayo imelala. Ukiliweza ukiwa umekaa, lifanye ukiwa umesimama, kisha kwa mguu mmoja.

Hatua ya 8: Kula kwa ajili ya mfupa

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza rasmi mwaka 2014 madhara ya mwanariadha kula pungufu ya anachotumia: homoni hushuka, mfupa hauwahi kujijenga, nyufa zinakuja. Mwanamke aliyekosa hedhi miezi mitatu na hana mimba amwone daktari kabla ya kuongeza kilomita hata moja. Kwa mwanaume ishara ni uzito kushuka, hamu ya tendo kupotea na mafua yasiyoisha. Anayekimbia alfajiri na kusubiri mpaka mchana ndipo ale anajinyima saa ambazo mwili ungekuwa unajenga. Uji wa ulezi na maziwa, mayai, maharage, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, vyote vipo karibu na bei yake si kubwa.

Hatua ya 9: Wiki za baada ya mashindano

Ukimaliza kilomita 21.1, kikomo kwenye karatasi kinakuwa 23.2. Usikitumie. Namba hiyo ni mpaka wa juu kwa miguu iliyopumzika, na yako imetoka kwenye mbio ngumu kuliko zote za mwaka. Siku nne za kwanza tembea tu. Wiki ya pili kimbia mara tatu, dakika 30 kila mara, bila vipande vya kasi. Wiki ya tatu mbio ndefu iwe nusu ya umbali wa mashindano, na hapo pitisha kidole tena kwenye muundi wote na kisigino asubuhi, kabla ya kuvaa viatu. Baada ya marathoni kamili zidisha muda huo mara mbili.